Mazishi ya Mzee Gilbert na Tume ya Maneno

"Watu wote wa Harbeck, wake kwa waume, wenye meno na vibogoyo, mnatangaziwa kwamba kuanzia leo ni marufuku mtu kuamini pasipo kujua anaitwaje!"

Aliyesoma tangazo hilo mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Botolph ni Barnaby Stoke, fundi mapipa, ambaye mwaka ule zamu ya kuwa mzee wa kanisa ilikuwa imemwangukia kama tofali. Baridi ilikuwa ya kugandisha makamasi. Daktari Ambrose Pellgrave, daktari wa sheria na si wa dawa, hakimu wa mahakama ya kanisa na mwenye tangazo lake, alilisikiliza akiwa ndani, karibu na makaa, kwa sababu hekima haifai kupigwa na upepo.

Tangazo lilikuwa refu, na lilikuwa na haki ya kuwa refu. Lilieleza kwamba miaka nenda miaka rudi watu wa Harbeck walikuwa Wakristo tu. Walibatizwa, wakaoana, wakazaa, wakafa, na katika hekaheka zote hizo hakuna aliyejisumbua kujua yeye ni nani kwa mujibu wa maneno ya kale ya Kiingereza yahusuyo imani iliyonyooka na imani iliyopinda. Maneno yenyewe yalikuwepo. Wahenga waliyaumba kwa taabu, watu wakachomwa moto kwa ajili yake, na sasa katika enzi hizi za Mfalme Charles yanakaa bure bila watu wa kuyavaa. Uzembe huo haukuvumilika tena. Kwa hiyo imeundwa Tume ya Kubainisha Maana za Maneno ya Imani. Wajumbe watatu: Daktari mwenyewe, shemeji yake, na mzee mmoja kiziwi aliyeteuliwa kwa kuwa hajawahi kupinga jambo lolote lililosemwa mbele yake.

Thomasin Wragg, mwoka mikate, alisimama nyuma ya umati, unga umemganda mikononi hadi viwiko. Hakuja kusikiliza tangazo. Alikuja kuomba kaburi. Baba yake, Mzee Gilbert, mwezeka mapaa, alikuwa amekata roho alfajiri ile, akiwa kitandani mwake, bila kumsumbua mtu.

Umati ulipotawanyika alimfuata Kasisi Oddy, mtu mpole aliyekuwa akitembea kama anayeogopa kuiumiza ardhi.

"Kasisi, baba amefariki."

"Oh! Pole sana, mwanangu. Pole mno. Amefariki akiwa nani?"

"Akiwa Gilbert."

"Najua, najua. Nauliza akiwa nani kwa neno?" Kasisi alitazama nyuma yake, akateremsha sauti. "Ukweli ni kwamba upande wa kusini wa makaburi sasa ni wa wanyoofu peke yao. Wenye maneno mepesi watakwenda kaskazini, kule kwenye magugu. Wenye maneno mazito, njia panda, nje ya mji. Sasa mimi nitamchimbia wapi mtu ambaye Tume haijamwamua?"

"Mama yuko kusini, Kasisi. Pembeni yake kuna nafasi. Baba ameitunza nafasi ile kama mwenye kutunza kiti sokoni. Kila Jumapili akitoka ibadani alikuwa anasimama pale na kumwambia mama, 'Sogea kidogo, naja.'"

Kasisi alilengwalengwa na machozi. Alikuwa na moyo mzuri sana. Kilichokosekana ni kitu cha kuushikilia usianguke.

"Nenda kwenye Tume, mwanangu," alisema. "Nenda mapema."

Thomasin akaenda nyumbani kwanza. Alimvika baba yake sanda, akamlaza kwenye ghala la unga lililokuwa limepakana na tanuri. Kisha akalizima tanuri. Mwoka mikate kuzima tanuri wakati wa baridi ni sawa na mvuvi kutoboa mtumbwi wake, lakini angefanyaje? Likiwaka tu, ghala linapata joto, na Mzee Gilbert si mkate wa kuumuka.

Jirani yake Sibyl Cray, mkunga, mwenye mdomo usiojua mlango, akamkuta akipanga mabonge ya theluji kuzunguka jeneza.

"Shoga, utaoka wapi sasa?"

"Nitaomba jiko lako."

"Jiko langu ni la kuchemshia maji ya wazazi, lakini haya, njoo. Omba tu barafu isiyeyuke. Upepo wa magharibi ukivuma, mzee hatasubiri Tume wala tume ndogo."

Tume ilikaa kwenye chumba cha mavazi ya kanisa, nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Daktari Pellgrave alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba. Alimkaribisha Thomasin kwa upole wa mng'oa meno.

"Usiogope, mwanamke. Hatupo hapa kumhukumu marehemu. Tunamtafutia neno lake tu, apumzike ndani yake. Je, alikuwa akinong'ona wakati wa sala?"

"Alikuwa kibogoyo, Bwana Daktari. Hata akiomba chumvi alinong'ona."

"Alinong'ona." Daktari alimgeukia shemeji yake, shemeji akaandika. "Neno la kale ni Mlolardi. Maana yake mnong'onaji. Watu hawa zamani walizunguka vichochoroni wakinong'onezana Maandiko. Tuendelee. Aliwahi kukosa kanisa?"

"Mwaka aliovunjika mguu."

"Alivunjikaje?"

"Alianguka kutoka paa la kanisa hili hili, akiliezeka."

"Kwa hiyo wakati wenzake wako ndani ya kanisa, yeye alikuwa juu yake."

"Paa linaezekwa kwa ndani, Bwana?"

"Mrekuzanti," alisema Daktari kwa huzuni. "Maana yake mwenye kugomea kanisa. Neno halimuulizi mtu sababu. Na mguu ulipopona, alikuja?"

"Wa kwanza kuliko wote. Alikuwa akiwahi nguzo ya kuegemea."

"Kuliko wote!" Daktari aliegemea kiti, kikalia. "Hilo nalo lina neno. Mpresisia. Maana yake mwenye kushika dini kupita kipimo kilichowekwa."

Thomasin hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anavyoutazama unga, akingoja uonyeshe wenyewe kama una hamira. Lakini hapo ulimi ulimteleza.

"Bwana Daktari, mtu atagomeaje kanisa, na hapo hapo awe wa kwanza kufika kanisani?"

"Umeona jinsi alivyokuwa mjanja?" alisema Daktari. "Ndiyo maana Tume imeundwa."

Yule mzee kiziwi akatikisa kichwa kukubali. Uamuzi ukapita kwa kauli moja: marehemu ana maneno matatu, jumla yake ni njia panda.

Njia panda ya Harbeck ndiko walikozikwa waliojinyonga, na mikokoteni ya sufu hupita juu yao kila siku ya soko. Thomasin akashika ukingo wa meza.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo," alisema Daktari, kwa kuwa sheria ya kanisa ina huruma, na huruma yake ina ada. "Kuoshwa kwa kiapo. Lete majirani sita wenye imani nyoofu, waweke mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba kwa dhamiri zao wanamwamini marehemu kuwa alikuwa mnyoofu. Wakiapa sita, maneno yote yanadondoka."

Majirani sita! Thomasin nusura acheke. Ni nani Harbeck ambaye Mzee Gilbert hakumziba tundu la paa? Alitoka mbio, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa na majirani sita mlangoni, wakipigapiga miguu kufukuza baridi.

Ila Daktari alikuwa mtu makini. Kabla jirani hajaapa, ilipasa Tume ijue yeye mwenyewe ni nani.

Alianza na Sibyl mkunga.

"Kichanga kikizaliwa kinakata roho na kasisi yuko mbali, unakibatiza?"

"Nakibatiza, Bwana. Nitakiachaje?"

"Mwanamke kubatiza! Hayo ni mambo ya watu wa Papa."

"Basi sitakibatiza."

"Utaacha roho ipotee? Huo ni ukatili wa Mpresisia."

"Sasa nifanye nini, Bwana Daktari?"

"Zalisha watoto wenye afya," alisema Daktari, na Sibyl akatoka na maneno mawili.

Akafuata Hamnet Dowse, muuza nyama, jitu la mikono kama mapaja.

"Kwaresima unafunga bucha?"

"Nafunga, Bwana Daktari! Kabisa!"

"Kwa nini kabisa? Nani kakutuma ufunge kabisa? Mpresisia."

"Ah, ukweli nafungua kidogo mlango wa nyuma…"

"Na mvunja mfungo."

"Jamani, si ningenyamaza tu!" Hamnet alinung'unika akitoka.

"Na ananong'ona," alisema Daktari. Shemeji akaandika.

Kufika jioni wote sita walikuwa na maneno, na mtu mwenye neno hawezi kumwapia mwenzake. Kesho yake Thomasin akaleta wengine sita. Nao wakapata. Akaleta wengine, na kwa ukaidi wa kuwaleta yeye mwenyewe akapewa maneno manne. Kazi ya Tume ilikua kwa namna ya kutia moyo. Kila aliyekuja kuwaosha wenzake alichafuka yeye, ikabidi atafutiwe na yeye wa kumwosha, na hao nao wakachafuka. Daktari aliandika kwa Askofu kuripoti maendeleo.

Mtaani maneno yalizoeleka haraka kuliko ilivyotarajiwa.

"We Mrekuzanti, hebu ondoa mkokoteni wako!"

"Nani Mrekuzanti? Mimi ni Mlolardi, heshimu mtu!"

"Mlolardi gani anayepiga kelele hivyo?"

Binti mmoja alikataliwa posa kwa sababu neno lake na la mchumba ni moja, na mama mkwe akasema damu zitagongana.

Kanuni ilikuwa kwamba mwenye neno asikae kwenye viti vya mbele hadi atakapooshwa. Asimame nyuma, chini ya mnara wa kengele. Jumapili ya kwanza walisimama wachache, wakiona haya. Jumapili iliyofuata viti vikawa na mapengo kama kinywa cha marehemu Gilbert. Halafu shemeji wa Daktari akakosa kikao kimoja kwa maumivu ya jino, na Daktari, ambaye hakuwa na upendeleo, akampa Urekuzanti. Mzee kiziwi alionekana akichezesha midomo wakati wa Zaburi. Alipoambiwa yeye ni Mlolardi, akatikisa kichwa kukubali, akachukua fimbo yake, akaenda nyuma. Mwisho Kasisi Oddy akapatikana na hatia ya kusita kabla ya kusema amina. Kwa kuwa kasisi ni mtu wa kutii, alisogeza kimeza chake cha kusomea hadi chini ya mnara, akawa anahubiri kutokea huko.

Kule nyuma kulikuwa na raha yake. Watu walibanana, joto likapatikana, Sibyl akapitisha mkate wa shayiri chini ya shali, na wakati wa wimbo walisikika hadi sokoni. Mbele, katika kiti chenye mto mwekundu, alikaa Daktari Ambrose Pellgrave peke yake. Mahubiri yalimpata kisogoni. Alijisikia baridi, lakini alijisikia mnyoofu.

Ndipo upepo ukageuka.

Thomasin aliusikia kabla hajaamka vizuri: tone, halafu tone. Nyasi za paa alizozishona baba yake zilikuwa zinalia maji. Alikimbilia ghalani. Theluji aliyoipanga ilikuwa imelegea na kuwa tope, na hewa ilikuwa na harufu ambayo haikuwa ya unga. Akapiga magoti, akakusanya barafu iliyobaki kwa mikono mitupu na kuirudisha, ikawa inampenya vidoleni na kutiririka.

"Baba, nivumilie," alisema. "Nivumilie kidogo tu."

Sibyl alimkuta hapo. Alivua shali lake, akalichovya kwenye maji ya kisima, akalitandika juu ya jeneza.

"Leo, shoga," alisema baadaye. "Leo au kesho. Kama ni njia panda, basi twende tukamlaze, mimi na Hamnet tutabeba."

"Na mama?"

Sibyl akachukua ndoo, akaenda tena kisimani.

Siku ile ile Mjumbe wa Askofu aliwasili kwa ziara. Ilikuwa ni desturi: mjumbe huja, kengele hupigwa, waumini hukusanyika kanisani, naye mzee wa kanisa huweka mkono juu ya Biblia na kujibu maswali kuhusu parokia, bila kuongeza wala kupunguza. Mjumbe alikuwa mzee mkavu, mwenye sura ya mtu aliyesafiri na farasi mbaya. Aliingia, akaona umati mkubwa umesongamana chini ya mnara wa kengele pamoja na kasisi wao, na mbali kabisa, mbele, mtu mmoja mnene juu ya mto mwekundu.

Hakuuliza kitu. Alikuwa na maswali yake yaliyoandikwa tayari, yale yale kwa kila parokia.

"Mzee wa kanisa. Je, paa linavuja?"

Barnaby Stoke aliweka mkono juu ya Biblia. "Halivuji, Bwana. Aliezeka Mzee Gilbert Wragg."

"Je, kasisi anahubiri?"

"Anahubiri, Bwana. Kutokea nyuma."

"Je, yupo yeyote katika parokia hii ambaye amejitenga na kusanyiko?"

Barnaby alimtazama Daktari. Akaitazama Biblia.

"Jibu. Umeapa."

"Yupo, Bwana," alisema kwa sauti ya kulia. "Mmoja. Yule pale."

Daktari aligeuka kwenye mto wake. "Mimi? Mimi sikujitenga! Wao ndio waliotengwa!"

"Na nani?" aliuliza Mjumbe.

"Na mimi!"

Mjumbe alimgeukia. "Bwana Daktari, umetuandikia barua nyingi sana kuhusu maneno. Anayesimama mbali na kusanyiko lake lote, pamoja na kasisi wake, mnamwita nani?"

Daktari alijua. Aliyajua yote. "Mskismati," alijibu. Kisha, kwa mazoea tu, akamalizia, "maana yake mjitenga."

"Unaweza kuoshwa kwa kiapo, kesho adhuhuri. Majirani sita wenye imani nyoofu. Ukiwakosa, utavua joho la hakimu na kusimama mlangoni umevaa shuka jeupe la toba, kama wengine uliowasimamisha."

Mchana ule Daktari Pellgrave alifika kwa Thomasin kwa miguu yake mwenyewe, pindo za joho zimelowa tope. Alimkuta ghalani. Alifunika pua kwa leso, akaona vibaya, akaiondoa.

"Binti Gilbert," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Hadi kesho adhuhuri mimi bado ni hakimu. Neno nililolifunga naweza kulifungua. Naweza kumfungua baba yako leo hii, na wewe, na majirani zako wote. Mtakuwa wanyoofu kabisa! Kisha mtakuja kuniapia. Ni jambo la ujirani."

Thomasin alimtazama kama anavyoutazama unga.

"Mfungue kwanza," alisema. "Upande wa kusini. Leo."

"Na kesho utakuja?"

"Nitakuja, Bwana Daktari. Nitaapa."

Kwa hiyo Daktari alisimama mlangoni mwa kanisa, safari hii nje, upepo ukimpiga, akatangaza mwenyewe kwa ile sauti yake nyembamba. Kuanzia saa hii Sibyl Cray ni mnyoofu. Hamnet Dowse ni mnyoofu, Kwaresima na baada ya Kwaresima. Barnaby Stoke, Kasisi Oddy, shemeji yangu, kiziwi, yule binti wa posa. Sauti ilipomkauka akaletewa maji, akaendelea. Hakuacha mtu hata mmoja, kwa sababu hakujua ni yupi kati yao angekubali kumwapia. "Na marehemu Gilbert Wragg," alimaliza, "alikuwa mnyoofu tangu kuzaliwa."

Mzee Gilbert alizikwa jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya miti. Ardhi ilikuwa imelainika, mchimba makaburi hakutoka jasho. Mji mzima ulikuwepo. Kasisi Oddy alisema amina bila kusita. Thomasin alishuka magoti kwenye tope, kati ya makaburi mawili.

"Mama, sogea kidogo," alisema. "Amekuja."

Kisha akarudi nyumbani, akalitia moto tanuri lake, likaunguruma, watu wakala mkate wa matanga na jibini, wakanywa bia ya shayiri hadi Hamnet akaanza kuimba.

Kesho yake adhuhuri kanisa lilijaa. Watu walikuwa wamenawa. Walikaa kwenye viti vyao vya zamani, mbele, nyuma, kila mtu na ukoo wake. Daktari Pellgrave alisimama katikati na tabasamu la mtu aliyekwisha kulipia.

"Thomasin Wragg," aliita Mjumbe wa Askofu. "Weka mkono hapa. Je, kwa dhamiri yako, unamwamini mtu huyu kuwa ana imani iliyonyooka, asiyejitenga na jirani zake?"

Thomasin aliweka mkono. Ulikuwa safi, ila unga kidogo kwenye kucha.

"Bwana Mjumbe," alisema, "ungeniuliza jana asubuhi ningemwapia. Jana nilikuwa mzushi wa maneno manne, uongo mmoja zaidi ungenizidishia nini? Lakini Bwana Daktari ametangaza mwenyewe, hadharani, kwamba leo mimi ni mnyoofu. Mtu mnyoofu hawezi kuapa uongo juu ya Biblia. Nikiapa nitamtia aibu."

"Sibyl Cray?"

"Ningependa sana, Bwana, lakini na mimi nimenyooka. Hadi mgongo unauma."

"Hamnet Dowse?"

"Mnyoofu, Bwana. Pole, Daktari."

Mjumbe aliendelea kuita, na kila aliyeitwa alisimama, akasikitika, akakaa. Daktari Pellgrave alianza kugeuka huku na huku, akipitisha macho kiti kwa kiti, ukoo kwa ukoo, akitafuta walau mzushi mmoja wa kumwapia. Hakumpata. Alikuwa amewasafisha wote kwa kinywa chake mwenyewe, pamoja na marehemu.